Mpaka wa V1 na V2 umefutika

SWALI: Tunachora ramani ya gamba la kuona, yaani tabaka la juu la ubongo linaloshughulikia tunachokiona, kwa mashine ya MRI yenye sumaku ya tesla 3. Mtu anakazia macho nukta ya katikati huku kabari yenye miraba myeusi na myeupe, mithili ya ubao wa drafti, ikizunguka kama akrabu ya saa: sekunde 32 kila mzunguko, mizunguko 8. Picha tumezilainisha kwa milimita 8, yaani kila nukta imechanganywa na jirani zake. Kisogoni rangi zinawaka vizuri, ila mpaka wa V1 na V2 (eneo la kwanza na la pili la gamba hilo) hauonekani, na pembe zote, yaani upande wa nukta ambao kila sehemu ya gamba huuona, zimehama. Tumekosea wapi?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Mpaka umefutwa na kule kulainisha. Sehemu kubwa ya V1 imejificha ndani ya mfereji wa kalkarini, mkunjo wa ubongo ulio kisogoni, ambao kuta zake zinatazamana kwa karibu mno: ukuta wa juu hupokea nusu ya chini ya yale tunayoyaona, na wa chini hupokea nusu ya juu. Milimita 8 zinachanganya ishara za kuta zote mbili. Tena mpaka wenyewe ni mahali ramani inapogeuka: ndani ya V1 pembe husogea kutoka mlalo kuelekea wima, ikifika wima hurudi ilikotoka, na hapo ndipo V2 inapoanza. Ukilainisha, kona hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Tumieni vokseli (vijisanduku vinavyounda picha) za milimita 2, msilainishe kabisa, na ramani ichoreni juu ya uso wa gamba uliokunjuliwa.

Pembe zimehamishwa na damu. MRI haipimi neuroni (seli za neva) moja kwa moja, bali oksijeni ya damu, ambayo hufika kileleni kama sekunde 5 baadaye. Katika mzunguko wa sekunde 32 hizo ni nyuzi 56 hivi! Rudieni kipimo kabari ikizunguka kinyume, ianzie palepale. Kutoka awamu ya kipimo cha kwanza (mahali ndani ya mzunguko ambapo ishara hufika kileleni) toeni ya pili, kisha gawanyeni kwa 2. Ucheleweshaji unajifuta wenyewe.

Chungeni macho pia. Jicho likiifuata kabari, hakuna ramani ya kuokoa. Nukta ibadilike rangi bila mpangilio, naye anayepimwa abonyeze kitufe kila anapoona badiliko; akikosa mara nyingi, tupeni kipimo hicho.

Kabari hutoa pembe tu. Umbali kutoka katikati unahitaji pete inayotanuka, nayo ipimwe pande mbili vilevile: ikitanuka, kisha ikisinyaa.