"Inasemekana", "inadaiwa", "eti": nani hasa amesema?

Mkuu, umeuliza kama "inasemekana" na "inadaiwa" ni kitu kimoja, na kama mwandishi akitanguliza mojawapo anakuwa salama. Nimehariri habari miaka 14. Jibu langu ni hapana kwa yote mawili.

Tazama sarufi. "Inadaiwa" inampokea mtenda: inadaiwa na polisi, inadaiwa na jirani. "Inasemekana" haimpokei. Hakuna asemaye "inasemekana na polisi". Ile -kana imeshamfuta msemaji. Tena dai hubeba ubishi, msomaji anahisi kuna upande wa pili. "Inasemekana" inasikika kama mtaa mzima umekubaliana. "Eti" nayo inamwonyesha mwandishi kuwa haamini: ukiandika "shahidi alisema eti hakuwepo", umeshamhukumu.

Ila linaloniuma mimi ni "anajulikana kwa", maana halionekani kama uvumi. Niliwahi kupitisha sentensi hii: "mhasibu huyo, anayejulikana kwa kujichotea fedha za kikundi". Mwandishi alikuwa amesikia kwa mtu mmoja, naye kasikia kwa mwingine. Mhasibu akaja ofisini na kipande cha gazeti alichokikunja mara nne. Akakinyoosha mezani, akaweka kidole juu ya neno lenyewe: "Anayejulikana na nani?" Sikuwa na jibu. Tulisahihisha kesho yake, ukurasa wa ndani, herufi ndogo. Hadi leo naona hatukumtendea haki.

Kwa hiyo usijifiche nyuma ya "lisemwalo lipo". Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria ya Uingereza, anayerudia kashfa huhesabiwa kama aliyeitoa, hata akianza na "inasemekana".

Siku hizi nikikutana na neno hilo naandika pembeni: "nani?" Mwandishi akileta hati, tunaandika "kwa mujibu wa hati ya mashtaka". Kama msemaji ana sababu ya kufichwa jina, tunamwambia msomaji alijuaje: "wafanyakazi wawili waliokuwa kwenye kikao hicho". Akikosa vyote, sentensi inatoka.

Halafu angalia kichwa cha habari. Ndani mwandishi ameandika vizuri, "amekamatwa kwa tuhuma za wizi", juu tunaweka "Mwizi akamatwa" kwa sababu nafasi ni finyu. Wengi husoma hapo juu tu.