Kwa nini kisa cha mama hubadilika

Umeuliza kama mama yako anatunga, maana kisa chake cha utotoni hubadilika kila akikisimulia. Hatungi, ndugu yangu. Kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, ndiyo maana mto huzidi kina na mbwa huzidi ukali. Ya kabla ya miaka 3 aghalabu aliyasikia kwa wakubwa tu.

Mwulize vitu vidogovidogo: nani alikuwa akimwamsha, aliogopa nini, alificha nini. Huko ndiko utakutana na tabia zako mwenyewe. Mama yangu alikulia kwenye nyumba yenye taa moja. Mimi huzima taa kila nitokapo chumbani, hata kama kuna mtu ndani (wananilalamikia sana).

Akikosea mwaka, usimsahihishe papo hapo. Atanyamaza.