Ushauri: kupima seli za betri chakavu kwa mashine

Ndugu, nimekuelewa: karakana yako hapo Dar inapima seli 40 kwa siku kwa mkono, kutoka betri za kompyuta mpakato, na unataka mashine ili mfike 400.

Anza na upimaji. Kufungua pakiti kuache mikononi mwa mafundi kwanza, maana pakiti hazifanani na mashine ikitoboa seli moja tu, moto unaweza kuwaka. Kila seli ipe namba, kisha Arduino (kibao kidogo cha kompyuta cha kuongoza vifaa) iongoze kuichaji, kuitoa chaji yote na kuandika volti, ukinzani wa ndani, joto na uwezo wa kutunza chaji. Seli 100 za mwanzo zipime kwa njia zote mbili, mkono na mashine. Majibu yakitofautiana, usiongeze hata chaneli moja (nafasi ya kupimia seli moja).

Hapa ndipo nilipopoteza seli nyingi: aina. Seli za kawaida za lithiamu hujaa kwenye volti 4.2, lakini za lithiamu yenye fosfeti ya chuma huishia 3.65. Programu isipojua tofauti hiyo, itazizidishia chaji. Zitenganishe kabla ya kuzipakia kwenye mashine. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 usiifufue. Weka kihisi joto kwenye kila seli, siyo kimoja kwa trei nzima, na umeme ukatike wenyewe seli ikizidi joto.

Kusaga seli na kuziyeyusha kwa asidi usijaribu, nakusihi. Moshi wake una floridi ya hidrojeni, ni sumu kali. Kabla ya kupanua, nenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, ukaulizie kibali cha taka hatarishi, na mwite mhandisi wa umeme akague nyaya.