Jarida la karatasi la madevelopa wa gemu ukiwa Mombasa: anza, lakini si na nakala 1000

Kaka, umeuliza kama ni wazimu kuanzisha jarida la karatasi la wanaotengeneza gemu kivyao ukiwa hapa Mombasa, uanze na nakala 1000, kurasa 64 za kung'aa, habari mpya na reviu. Jarida si wazimu. Wazimu ni hizo habari mpya na hiyo 1000. Mimi na wenzangu twatoa kijarida cha A5 hapa hapa mjini, hakijatutajirisha lakini hakijatutia deni pia, kwa hivyo ntakwambia ninayoyajua na ntakuwa mrefu, nivumilie.

Habari kwanza. Septemba 2023 Unity, wale wa programu ya kutengenezea gemu, walitangaza watatoza ada kila gemu ikiwekwa kwenye simu au kompyuta ya mtu, watu wakawaka moto, mwezi haujaisha wakalegeza masharti, Septemba ya mwaka uliofuata wakaifuta ada yenyewe. Sasa jarida lako latoka kila miezi mitatu, faili ishaenda kwa mchapaji, we wafikiri ungechapa nini hapo? Likifika mkononi mwa msomaji ushamdanganya na pesa yake umechukua. Mafunzo ya "bonyeza hapa kisha pale" ni yale yale. Godot 4, programu nyingine kama hiyo, ilitoka Machi 2023 vitu chungu nzima vikabadilishwa majina, aliyechapa somo la KinematicBody2D (kile cha kuendesha mhusika) mwezi wa kwanza, mwanafunzi akifungua toleo jipya haioni, siku hizi ni CharacterBody2D. Karatasi haina apdeti.

Kinachodumu ni mtu kueleza vile alivyotengeneza gemu yake mpaka ikaisha, au mpaka ikamshinda. Marekani kulikuwa na jarida la Game Developer, lilichapwa tangu 1994 hadi 2013, na safu yake iliyopendwa mno ni Postmortem, yaani aliyemaliza gemu aandika mambo matano yaliyokwenda sawa na matano yaliyokwenda mrama, basi. Zile makala watu wazisoma hadi leo na mashine zilizotumika zishakuwa vyuma chakavu. Sisi tuliiga mpango huo na hatuoni haya. Tukaongeza pesa: gemu ilikula shilingi ngapi, nani alilipwa, nani aliahidiwa tu. Huo ndo ukurasa watu hupiga picha na kutumiana kwenye grupu, na hapo nakala moja ishasomwa na darasa zima la TUM, chuo kikuu chetu cha ufundi hapa Mombasa, utafanyaje.

Shida ni kwamba madevelopa hawaandiki. Mwambie mtu akuandikie maneno 1500, atakubali kwa furaha, atakusalimia kila Ijumaa, makala huioni. Usigombane naye. Mtumie maswali WhatsApp akujibu kwa sauti akiwa kwenye matatu ya Bamburi au anangoja feri Likoni, kisha we mwenyewe ukae uandike na umrudishie asome, asome kwelikweli, na akukubalie kwa maandishi kwamba picha za gemu ni zake na amekuruhusu. Akikubali tu mtumie chake kwa M-Pesa siku hiyo hiyo hata kama ni kidogo. Ukianza ile "subiri tuuze kwanza" toleo la pili utaliandika peke yako.

Na usijifungie kisiwani. Kiro'o Games wa Yaoundé walitoa gemu yao Aurion 2016, Nyamakop wa Johannesburg wakatoa yao Semblance 2018, studio ya Leti Arts iko tangu 2009 na mmoja wa walioianzisha ni Mkenya, Wesley Kirinya. Hawa ni watu wa kuhojiwa kwa kirefu, si kwa aya mbili. Lakini jalada la kwanza mpe kijana wa hapa, manake mamake na shangazi zake watanunua.

Sasa karatasi, hapa ndo watu wa bara hawatuelewi. Ile ya kung'aa unayoitaka yapendeza Nairobi, ukiileta huku na unyevu wetu huu yaanza kujikunja, na jalada likipakwa plastiki upande mmoja tu ndo balaa, upande wa ndani wanywa maji ya hewani wa nje hauwezi, baada ya muda kidogo jalada limeinuka lenyewe kama lataka kuondoka. Kurasa za kung'aa zikirundikwa kwenye stoo yenye joto hugandana pia. Sisi twatumia karatasi isiyopakwa kitu, ndani gsm 100 (yaani gramu kwa mita ya mraba, ndo uzito wa karatasi), jalada gsm 250 bila plastiki, inachakaa ndio lakini inachakaa vizuri. Maboksi usiyaweke sakafuni. Muulize mchapaji waya wa stepo umepakwa zinki au la, chumvi ya huku utakuta kutu ishakula katikati ya jarida na msomaji afikiri umeliokota Kongowea. Hesabu ya kurasa lazima igawanyike kwa 4 ukipiga stepo mgongoni, 64 yako yagawanyika sawa, lakini ni nyingi, anza na 32 uzijaze. Mtu akimaliza kurasa 32 akitaka zaidi ni bora kuliko 64 ambazo nusu ni picha kubwa za kujazia.

Picha za gemu zina mambo yake. Uchapaji mzuri wataka pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hivyo skrinshoti ya upana wa 1920 yatosha sentimita 16 na kidogo, ukurasa wa A5 ni 14.8, sawa hapo. Ukitaka kuitandaza kurasa mbili, sentimita 29.7 na ile ziada ya kukatwa milimita 3 kila upande, haitoshi, mwambie developa atoe ya 3840. Gemu za pikseli kubwakubwa ndo usizikuze ovyo, zidisha mara mbili, mara tatu, mara nne kamili, na kwenye programu chagua njia isiyolainisha kingo, la sivyo kila kitu kinakuwa ukungu na mwenye gemu atakulaumu maisha. Na rangi zile za skrini zinazowaka, zambarau ya neoni, kijani cha sumu, wino hauziwezi. Gemu za usiku ndo mbaya zaidi, kuna mchapaji mmoja (simtaji) alitutolea msitu wa usiku ukawa mraba mweusi, ukitazama huoni hata mhusika, nikamuuliza akaniambia "si ndo usiku?" Tangu hapo prufu, yaani nakala ya majaribio, naitaka kwenye karatasi ile ile itakayochapwa, na naitazama nje juani.

Pesa. Mashine ya ofseti, ile ya kuchapa kwa pleti, ina pleti nne za rangi kwa kila upande wa shiti, na kuiandaa ni gharama ile ile uchape 100 au 5000, ndo maana mchapaji atakubembeleza uongeze, kila nakala yashuka bei. Kweli yashuka. Lakini ni pesa yako ndo yalala uvunguni mwa kitanda ikipigwa na unyevu. Dijitali, isiyo na pleti, kila nakala ni ghali zaidi ila wachapa 100, zikiisha warudi. Ukipewa bei uliza kama VAT ya 16% imo, wengi huitaja mwisho. Kisha piga hesabu ya duka kabla hujatamani duka: tuseme nakala yakugharimu 180 na wauza 300, duka likichukua asilimia 40 wabaki na 180. Umemfanyia mwenye duka kazi ya bure. Kwa hivyo sisi huuza kwanza ndo tukachapa, watu walipa kwenye till wiki kadhaa kabla, twaongeza akiba kidogo juu ya waliolipa, basi. Za Nairobi zapanda basi Mwembe Tayari kama kifurushi, wateja wa huko huchagua mtu mmoja azipokee zote. Meza kwenye hafla za Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa hapa mjini, yauza kuliko duka lolote, lakini vibanda vya pleistesheni usihangaike navyo, vijana wa mle wataka kucheza FIFA, hawana haja na habari za aliyeitengeneza.

Matangazo usiyategemee. Wa kwanza kutufuata walikuwa watu wa kamari, na pesa nzuri, tukakataa, roho iliuma kidogo sitakudanganya. Na mfadhili mmoja mkubwa pia mwogope. Wireframe ya Uingereza, jarida zuri sana, lilichapa hadi msimbo wa lugha ya Python wa kujaribu nyumbani, lilikuwa chini ya Raspberry Pi, watengenezaji wa kompyuta ndogo, lilianza 2018 na 2022 likaisha. Game Informer, jarida la Marekani, ilikuwa mali ya maduka ya gemu ya GameStop, Agosti 2024 wakaifunga, ikabidi ingoje mwenyewe mpya ndo ikarudi 2025. Wasomaji walikuwepo wakati wote huo.

Sheria: kuna Books and Newspapers Act ya Kenya, sura ya 111, ina mambo ya bondi, yaani dhamana ya pesa, ambayo 2002 ilipandishwa kutoka 10,000 hadi milioni moja. Muone wakili kabla hujaandika "hutoka kila miezi mitatu" kwenye jalada.

Ukishapata bei kwa wachapaji wawili watatu ziweke hapa, na uandike gsm, idadi ya kurasa na kama ni ofseti au dijitali, bila hayo bei haisemi kitu. Template yangu ya A5 ya Scribus, programu ya kupanga kurasa, nakutumia inbox, jalada utengeneze lako.