Jibu: Kwa nini uvimbe wa mafuta haupungui mtu anapokonda?

Ndugu, umeuliza kwa nini uvimbe laini ulio begani kwako umebaki vilevile ilhali umepungua uzito. Kwa darubini, seli za lipoma, yaani uvimbe huo wa mafuta, karibu hazitofautiani na za mafuta ya kawaida, lakini kikemia zipo tofauti. Katika tishu ya kawaida, kimeng'enya kiitwacho lipasi ya lipoprotini, kinachokaa kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya damu, huvunja trigliseridi (mafuta yaliyo kwenye damu) zinazopita ili asidi za mafuta ziingie katika seli na kuhifadhiwa. Mtu anapofunga, insulini hushuka, adrenalini hupanda, na lipasi (vimeng'enya vya kuvunja mafuta) nyingine zilizo ndani ya seli huyafungua mafuta hayo yatumike. Katika lipoma, kiwango cha lipasi ya lipoprotini hiyo, yaani ile ya kuingiza mafuta, kimeonekana kuwa juu zaidi, na seli changa ni nyingi zaidi. Nionavyo, hili linasaidia kueleza ukaidi wake, ingawa halitoshi peke yake, kwani lipoma nyingi zina pia mabadiliko ya jeni ya HMGA2 katika kromosomu ya 12. Uvimbe ukizidi sentimita 5, ukikua au ukiuma, tafadhali mwone daktari.