Kidokezo cha Fumbo Si Kitendawili

Kwa miezi mingi nilikuwa nakaa mbele ya chemshabongo ya mafumbo, ile ya kujaza maneno yanayokatizana kwenye visanduku kwa kufuata vidokezo vya fumbo, nasoma vidokezo vyote kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, kisha naweka kalamu chini bila kujaza hata kisanduku kimoja. Msamiati haukuwa tatizo. Chemshabongo za kawaida, zile za "mji mkuu wa Misri, herufi tano", nilikuwa nazimaliza haraka. Hizi za mafumbo zilinigomea kabisa, na iliniuma, kwa sababu nilihisi kuna mlango mahali fulani na mimi napapasa ukuta.

Kosa langu lilikuwa moja, nami naliona kwa karibu kila anayeanza: nilikuwa nakifanya kidokezo kitendawili. Kitendawili hukupa picha. "Nyumba yangu haina mlango", nawe unaizunguka nyumba hiyo kichwani mpaka unaliona yai. Kwenye chemshabongo ya mafumbo, anayekaa na picha amepotea. Picha imewekwa pale ili ikupoteze.

Tazama kidokezo hiki, nimekitunga mwenyewe ili tuwe na kitu cha kushika mkononi:

Mfalme wa mwitu amejificha si mbali (5)

Namba kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Ukiisikiliza sentensi, unamwona mnyama amelala nyuma ya kichaka. Pengine hata utakisia "simba", lakini hutajua kama umepata au umebahatisha. Sasa acha kuisikiliza, ikate vipande. "Mfalme wa mwitu" ni maana ya jibu, basi. "Amejificha" ni agizo: tafuta neno lililofichwa ndani ya maneno yanayofuata. Maneno yenyewe ni "si mbali". Ondoa nafasi iliyo katikati, funika herufi mbili za mwisho kwa kidole. S-I-M-B-A. Alikuwa amelala mbele ya macho yako muda wote.

Hiyo ndiyo siri nzima, na laiti mtu angeniambia mapema. Kidokezo kilichotungwa vizuri hukutajia jibu mara mbili: mara moja kwa maana, mara ya pili kwa kukueleza herufi zinavyopangwa. Ile sehemu ya maana hukaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa, haikai katikati. Kwa hiyo njia zote mbili zikikufikisha kwenye neno moja, huna haja ya kusubiri majibu ya kesho. Unajua umepata.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chemshabongo ya kwanza ya maneno yanayokatizana, aliyoitunga Arthur Wynne, ilitoka New York tarehe 21 Desemba 1913, na vidokezo vyake vilikuwa vya moja kwa moja. Mafumbo yalishika kasi Uingereza katika miaka ya 1920, hasa kwa mkono wa Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, jina la yule mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania aliyeogopwa kwa ukatili. Aliyekuja kushika zamu yake baadaye, Derrick Macnutt, akajiita Ximenes, na huyu ndiye ninayemshukuru zaidi. Alisimamia haki ya mfumbuzi: maana iwe sahihi, maelekezo ya herufi yawe sahihi, na kusiwe na neno jingine la ziada. Hilo la mwisho lishike sana. Kama kuna neno kwenye kidokezo ambalo hujalipatia kazi, bado hujakifumbua.

Aina inayokutana nawe mara nyingi ni ya kuvuruga herufi. Hii hapa:

Makasi yaliyovunjika, tamaa ya mvuvi (6)

Neno la kuashiria uharibifu, vurugu, ulevi, wazimu au tetemeko karibu kila mara linakwambia: chukua neno la jirani, lipange upya. Hapa "yaliyovunjika" inaelekeza kwenye "makasi". Ziandike herufi zake kwa duara, zisikae kwenye mstari, maana mstari huling'ang'aniza jicho kwenye neno la zamani. Halafu tumia umbo la Kiswahili lenyewe. Maneno yetu mengi huishia kwa irabu, na konsonanti hupenda kusimama moja moja. Una S, M, K, na una A, A, I. Zipange konsonanti, kisha zigawie irabu. Ndani ya dakika moja unalo: samaki.

Ila kuna jibu jingine limejificha humo humo. Herufi hizo hizo zinatoa "kamasi". Mimi niliwahi kuharibu kona nzima ya jedwali kwa sababu hiyo: nilipata neno linalokubali herufi zote, nikaliandika kwa wino kwa furaha, sikurudi kuuliza kama linakubali na ile maana. Siku hizi siandiki kitu mpaka nimeweka kidole kwenye maana na kujiuliza, je, hili ndilo linalotamaniwa na mvuvi? Na kama pande zote mbili bado zina shaka, nasubiri herufi ya neno linalokatiza. Ikija S mwanzoni, kesi imekwisha.

Kuna vidokezo ambavyo ni maana mbili tu zilizobandikwa pamoja, na lugha yetu ni tajiri mno kwa hizi. "Swala juu ya nyumba (3)" ni paa, mara mbili. Ukiona kidokezo kifupi sana, cha maneno mawili matatu, anza na dhana hiyo.

Vingine huunganisha vipande. "Asia na Afrika zikiungana ni njia (8)": bara na bara, barabara. "Si mzazi wa kike? Inuka! (6)": si, mama, simama. Angalia kilivyo hicho cha mwisho. Alama ya kuuliza inakufanya usikie mtu akikaripiwa, na ndiyo maana nasema alama zote za uandishi zipuuze mpaka utakapomaliza. Mtunzi anaziweka kwa ajili ya sikio lako, herufi hazizihitaji.

Kuna kumeza pia, neno moja ndani ya jingine. "Jini kammeza mungu wa jua wa Misri, yuko nyumba ya pili (6)." Mungu wa jua wa Wamisri wa kale ni Ra. Mtie ndani ya jini: ji-ra-ni. Ra ni mgeni wa kudumu wa chemshabongo hizi kwa sababu ni mfupi, na ukicheza kwa muda utakusanya wenzake wengi wa herufi mbili au tatu. Mimi ninao kwenye kijidaftari.

Kama ningeanza upya leo, jambo moja ningelifanya tangu siku ya kwanza, nalo ndilo lililonifundisha kuliko yote. Nisingeng'ang'ania kufumbua. Ningechukua chemshabongo ya jana pamoja na majibu yake, nikarudi nyuma kutoka kwenye jibu: maana iko wapi, agizo ni neno lipi, herufi zimetoka wapi. Kila neno lipate kazi. Nilifanya hivyo kila asubuhi, vidokezo vitano tu, na baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona mishono kabla ya kuona picha. Wengine huona kutazama majibu ni kudanganya. Mimi sikubali. Hakuna aliyejifunza kusoma bila kusomewa kwanza.

Na ukikwama, ondoka. Nenda kafanye shughuli nyingine. Mara nyingi nimerudi na kukuta kidokezo kilichonishinda usiku kucha kimefunguka kwa kukitupia jicho, kwa sababu ile picha ilikuwa imeshafifia.

Kisha jaribu kutunga. Siku moja nilikuwa nachezea neno "amani" kwenye karatasi, naliandika kutoka kulia kwenda kushoto, likatoka "inama". Nilibaki nalitazama. Kidokezo kilikuja chenyewe: "Inama kinyumenyume upate utulivu (5)".

Cha kwako ni hiki, jibu lake silitoi:

Sarafu iliyochakaa imeleta ugonjwa (6)