Jibu: Mkulima wa Cuba alipata ardhi au alibadilishiwa bosi?

Mkuu, umeuliza kama baada ya mapinduzi ya 1959 yaliyoongozwa na Fidel Castro mkulima wa Cuba alipata ardhi kweli au alibadilishiwa bosi tu. Inategemea unamzungumzia nani.

Kabla ya 1959, mkata miwa alikuwa na kazi miezi michache ya mavuno, kisha unaingia "msimu mfu": hakuna kibarua, familia inaishi kwa kukopa dukani. Sheria ya ardhi ya Mei 1959 iliweka ukomo wa takriban hekta 402 kwa mmiliki, na aliyekuwa akilima kipande cha kukodi akawa na haki ya kumilikishwa, hadi hekta 27 bure. Huyo alipata ardhi, tusimnyime haki yake. Mwaka 1961 vijana wa mjini, wengi wao wanafunzi, walikwenda kuishi vijijini na taa za chemli: mchana wanashika jembe na wenyeji wao, usiku wanawafundisha kusoma.

Lakini mashamba makubwa ya miwa hayakukatwa vipande. Mengi yakawa ya serikali, na mkata miwa akabaki mtu wa mshahara, ingawa sasa ni wa mwaka mzima. Mwenye shamba lake naye alilazimika kuiuzia serikali mazao kwa bei iliyopangwa, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Usovieti, uliokuwa ukiipa Cuba mafuta, ulipoanguka dizeli ikaadimika, maksai wakarudi kulima, na mwaka 1993 serikali ikaanza kuyakabidhi mashamba yake mengi kwa vyama vya ushirika.